Uvimbe wa ovari: dakika 15 za mezani zinaamua nini?

"Shikamoo daktari. Mimi ni dada mkubwa, mdogo wangu ana miaka 27, hajazaa, ana mchumba. Tumbo lilianza kujaa taratibu tukadhani mimba, kupima mimba hamna, ultrasaundi ikaonyesha uvimbe ovari ya kushoto sentimita 14, ndani maji na sehemu ngumu kidogo. Damu CA-125 imekuja 68. Anafanyiwa opereshen wiki ijayo na tumeambiwa akiwa bado amelala uvimbe utapelekwa maabara waguse kwenye kioo, mtaalamu aangalie seli kama dakika 15 hivi ndo waamue watoe ovari moja au watoe vyote. Hospitali yenyewe haina ile mashine ya kugandisha. Mama anasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Mimi naogopa wataamua haraka haraka wamtoe kizazi afu baadae tuambiwe haikua saratani. Kwanini wasichome sindano wakajua kabla? Au tumhamishe?"

Marahaba dada yangu, poleni sana, wewe na mama na huyo mdogo wetu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na ukiondoa mengine yote hofu yenyewe ni moja, kwamba kuna mtu atakaa na kioo, kile kipande chembamba tunachokiita slaidi, dakika 15 afu aamue habari yote ya uzazi ya binti wa miaka 27. Mimi ni daktari wa patholojia, yaani huyo mtu wa kwenye kioo ndo mimi, kwa hiyo ngoja nikueleze huwa tunafanya nini hasa tukipigiwa simu kutoka thieta na nini hatuwezi kukifanya hata tukitaka.

Nianze na namba ya damu mana najua ndo imewanyima usingizi. CA-125 ya 68 kwa binti wa umri huo peke yake haisemi kitu kikubwa. Kikomo tunachotumia ni 35, lakini hiyo protini inapanda kwenye hedhi, kwenye endometriosisi (nyama kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake), faibroidi, maambukizi ya nyonga, mimba changa, na kwetu huku TB ya tumboni inaweza kuipandisha mpaka mamia huku mgonjwa anakonda na tumbo limejaa maji, picha ikafanana kabisa na saratani ya ovari. Na kuna upande wa pili, saratani ya ovari ikiwa bado changa CA-125 inaweza kuwa ya kawaida tu. Vipimo ambavyo mimi ningevitaka kwa umri wake, na muulize daktari kama vimefanyika, ni AFP, beta-hCG na LDH, kwa sababu mabinti wanapata zile saratani zinazoanzia kwenye seli za mayai zenyewe na hizo ndo zinapandisha hivyo vitatu. Damu hiyo ichukuliwe kabla ya upasuaji. Uvimbe ukishatoka namba zinaanza kushuka na mtakuwa mmepoteza pa kuanzia kulinganisha huko mbele.

Sasa sindano. Hapa mama hajakosea kabisa, ila ameliweka jambo mahali sipo. Kisu chenyewe hakisambazi saratani, upasuaji ndo tiba kubwa ya ugonjwa huu na kuukimbia ndo kunaua. Lakini uvimbe wa ovari mara nyingi umefungwa vizuri kwenye ganda lake kama yai, na ukiutoboa ukiwa bado tumboni majimaji yanavuja. Kama ndani kulikuwa na saratani iliyokuwa bado imefungiwa, basi umeitoa hatua ya 1A ukaipeleka 1C, na mgonjwa ambaye pengine angepona kwa upasuaji peke yake sasa anaweza kuhitaji dripu za saratani. Juu ya hapo yale majimaji mara nyingi yana seli chache mno, unachora slaidi unakuta hamna kitu, na kukosa kitu hakumaanishi usalama. Ndo mana kwa uvimbe kama wa mdogo wako hatuchomi. Unatolewa mzima mzima, bila kupasuka, kisha ndo tunaufungua sisi juu ya meza ya maabara. Wapo ambao huwa tunawachoma, wale ambao ugonjwa umeshajaa tumboni na hawana nguvu ya upasuaji kwa sasa, lakini huyo sio mdogo wako. Usishangae pia daktari akisema atachana wima katikati ya tumbo badala ya ule mshono mzuri wa chini, sentimita 14 haitoki nzima kwenye tundu dogo, na lazima aweze kupitisha mkono mpaka juu kwenye ini na diaframu kukagua.

Uvimbe ukitoka unaletwa kwetu mbichi, hauwekwi kwenye fomalini, kwa sababu fomalini inazikaza seli na hazitabanduka kwenda kwenye kioo. Kazi ya kwanza ni macho na vidole. Naangalia ganda lote kama limepasuka, kama kuna vinundu vimeota kwa nje, napima, ndo nakata. Hapo tayari mengi yameshasemwa, ukikuta nywele na mafuta mazito kama samli iliyoganda unajua ni demoidi, ambayo kwa binti wa miaka 27 ni miongoni mwa uvimbe tunaouona sana na karibu zote sio saratani. Kama sivyo natafuta sehemu mbaya zaidi, palipo pagumu, palipoota vinyama kama koliflawa, palipooza, kwa sababu ukigusisha kioo kwenye ukuta laini wa maji tu utapata jibu zuri la uongo.

Nafuta damu, nagusisha kioo kwenye nyama mara moja bila kuburuta. Kama nyama ni ngumu nakwangua kwa makali ya kisu nikapaka kile kilichotoka. Slaidi moja inaingia kwenye alkoholi ya asilimia 95 hapo hapo, ndani ya sekunde, ikichelewa seli zinavimba na kuharibika, nyingine inaachwa ikauke hewani, kisha kila moja na rangi yake, na baada ya kama dakika 5 mpaka 10 niko kwenye hadubini. Seli za saratani ya wazi hazijifichi sana, viini ni vikubwa, havilingani, vimejaa rangi, zimerundikana juu ya nyingine bila mpangilio. Aina fulani zina alama zake kabisa: uvimbe wa granulosa viini vyake vina mfereji katikati kama punje ya kahawa, disjaminoma, ambayo ni ya mabinti, inaonyesha seli kubwa za mviringo zikiwa zimechanganyikana na vijiseli vidogo vya kinga, na saratani iliyotoka tumboni ikajificha kwenye ovari, ile iliyobeba jina la daktari Mjerumani Friedrich Krukenberg aliyeielezea mwaka 1896, seli zake zimejaa ute mpaka kiini kimesukumwa pembeni kama jiwe la pete. Hiyo ya mwisho ni muhimu sana kuijua mezani kwa sababu inambadilishia mpasuaji kazi yote, anaanza kukagua tumbo la chakula, utumbo na kidole tumbo.

Kuna kitu kimoja nataka ukielewe vizuri, kioo kitupu. Uvimbe wa faiboroma, ambao ni mgumu kama mpira na sio saratani, hauachii seli. Unagusisha mara tatu slaidi inabaki nyeupe. Daktari asiye na uzoefu anaweza kusema hamna saratani hapa, wakati kitu pekee alichokiona ni kwamba hajaona kitu. Ilinitokea mimi mwenyewe nikiwa bado mwanafunzi, mwalimu wangu akaniuliza una seli ngapi hapo, nikasema hamna, akasema basi huna jibu, rudi ukakwangue. Ilikuwa faiboroma kweli, lakini nilikuwa nimepatia kwa bahati na kwenye kazi hii bahati hairuhusiwi.

Kuhusu mashine ya kugandisha, krayostati, wengi wanaamini hospitali isiyo nayo inawapa njia ya kimaskini. Haiko hivyo. Kugandisha kipande cha nyama ukakikata kikiwa kimekaza kwa baridi kulianza kutumika kwa uhakika mwaka 1905, Louis Wilson wa Mayo Clinic kule Minnesota, Marekani, alitumia baridi ya nje ya dirisha mwezi wa kwanza kugandishia vipande vyake. Na njia ya kioo nayo ni ya zamani, mwaka 1927 Dudgeon na Patrick wa hospitali ya St Thomas's, London, walichapisha wagonjwa 200 waliopimwa uvimbe wao kwa mpako wa haraka kama huu, kwa hiyo ina karibu miaka 100. Kila moja ina ubavu wake. Kioo kinaonyesha seli moja moja safi, wakati kipande kilichogandishwa kinajaa vipande vya barafu vinavyoharibu sura ya seli, tena chenye mafuta mengi hakigandi vizuri, na kila kipande kinakula muda, wakati slaidi za kugusisha naweza kuchukua sehemu sita tofauti ndani ya dakika chache. Pia njia ya kioo haitegemei umeme ukae bila kukatika. Maabara zenye uwezo hufanya zote mbili kwa pamoja na hapo ndo jibu linakuwa imara.

Lakini kioo kina upofu wake na siwezi kukuficha. Chukulia mtu amekuletea punje za mahindi kwenye ungo. Utamwambia kama ni nzima au zimebunguliwa, ila hutajua mistari shambani ilikaaje wala kama mahindi yamevuka mpaka kuingia kwa jirani. Na kwenye ovari kuvuka mpaka ndo kila kitu, kwa sababu kuna kundi la uvimbe tunaloliita la mpakani, seli zake zina sura ya kutia shaka lakini hazijapenya kuingia kwenye nyama ya chini, na wanaopata hili mara nyingi ni wanawake wa umri mdogo kuliko wa saratani kamili. Kwa seli peke yake mimi siwezi kukuambia huu ni wa mpakani na huu ni saratani iliyoanza kupenya. Inabidi nione nyama na mipaka yake. Uvimbe wa ute mzito ndo unatusumbua zaidi, unakuwa mkubwa mno, na ndani ya huo huo mmoja unaweza kukuta pembe hii salama, pembe ile ya mpakani, na kipande cha ukubwa wa ndizi ambacho ni saratani, sasa mimi nikigusa pembe salama nitasema ukweli wa pembe ile tu.

Hata krayostati haiponi hapo. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za kugandisha uliotoka 2016 uliweka hesabu hivi: chukua wanawake 1,000 wenye uvimbe wa kutilia shaka, kati yao 290 wana saratani na 80 wana wa mpakani. Kipande cha mezani kitawatambua 261 wenye saratani, 29 watapita bila kujulikana, na wasio na saratani 4 wataambiwa wanayo. Na kati ya walioambiwa mezani kwamba ni wa mpakani, karibu mmoja kati ya watano jibu la mwisho lilikuja kuwa saratani. Kioo kikiwa kwenye mikono mizuri kinakaribia huko kwenye kutenganisha saratani ya wazi na uvimbe salama, kwenye wa mpakani kinabaki nyuma. Ila angalia hizo namba vizuri dada yangu. Wewe unaogopa mdogo wako awe kwenye wale 4. Makosa yetu mengi yako upande wa wale 29, yaani tunakosa kuiona zaidi ya tunavyoizulia, na aliyekoswa anagundulika wiki chache baadae jibu kamili likitoka, anarudishwa mezani kumaliziwa. Wale 4 ndo hawana kurudishwa, kizazi kikishatoka hakuna wa kukirudisha.

Kwa hiyo kwa binti wa miaka 27 ambaye hajazaa, msimamo wangu ni huu na sitauzungusha: jibu la mezani likiwa na shaka yoyote, itolewe ile ovari yenye uvimbe pamoja na mrija wake, wachukue majimaji ya kuoshea tumbo, vipande vidogo vidogo vya sehemu zenye mashaka na sampuli ya lile pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, wafunge, wasubiri. Opereshen ya pili ni maumivu tena na pesa tena, najua kwa familia zetu hilo sio dogo hata kidogo, lakini ni bei ambayo mtu anaweza kuja kuilipa.

Na hata jibu likija saratani ya wazi, bado haimaanishi vyote vinatoka siku hiyo. Hili ndo watu hawaambiwi. Saratani za seli za mayai, kama hiyo disjaminoma, zinasikia dawa vizuri sana, na kanuni ni kutoa ovari moja na kuacha kizazi na ovari ya pili hata wakati mwingine ugonjwa ukiwa umesogea. Saratani ya ukuta wa ovari ikiwa hatua ya kwanza, upande mmoja, na daraja lake sio kali, nayo inaweza kutibiwa hivyo hivyo kwa makubaliano na ufuatiliaji wa karibu. Penye ugonjwa uliosambaa tumboni, hapo kweli mazungumzo yanabadilika, mpasuaji anatakiwa aondoe kila anachokiona na mimi sitakudanganya kwamba kizazi kitabaki. Na angekuwa ni mama yenu, amemaliza hedhi, ana uvimbe huo huo na jibu hilo hilo la mashaka, ningeshauri tofauti kabisa.

Cha kufanya kabla ya wiki ijayo ni kukaa na daktari mpasuaji, na akae mdogo wako mwenyewe, sio wewe na mama mkamwacha nje kwenye benchi, mwili ni wake. Aseme kwa mdomo wake anataka kuzaa. Ile fomu ya ridhaa isiandikwe tu 'upasuaji wa uvimbe na chochote kitakachoonekana kinafaa', iandikwe wazi: jibu likiwa salama tutafanya hiki, likiwa na shaka tutafanya hiki, likiwa saratani ya wazi na ugonjwa umeonekana nje ya ovari tutafanya hiki. Daktari mzuri hataona unamkosea heshima, hata kwake ni rahisi kuamua pale mezani kama yameshaandikwa. Muulize pia nani ataangalia kioo. Je ni daktari wa patholojia, na atakuwepo siku hiyo, ameambiwa umri wa mgonjwa na vipimo vyake? Mimi nikiletewa uvimbe bila maelezo nakuwa kama nimefungwa jicho moja. Waombe awe wa kwanza asubuhi kwenye listi, saa kumi jioni maabara nyingi watu wameshaondoka.

Kuhusu kumhamisha, kukosa krayostati peke yake sio sababu. Ningemhamisha kama hakuna kabisa daktari wa patholojia wa kuangalia hizo seli, au kama dalili za saratani ni nzito: maji mengi tumboni, uvimbe pande zote mbili, sehemu ngumu nyingi zenye damu nyingi kwenye ultrasaundi, vinundu kwingine, au AFP na wenzake wakirudi juu. Hapo atafutiwe mpasuaji wa saratani za kizazi kwenye hospitali kubwa ya rufaa, mana upasuaji wa kwanza ukifanywa na aliyesomea hasa ugonjwa huu wagonjwa wanaishi zaidi, hilo limeonekana nchi nyingi. Wiki mbili tatu za kuhamia mahali sahihi hazitamharibia. Miezi mitatu ya kuzunguka na dawa za kienyeji zinaweza.

Isipokuwa, na hili mama alijue pia, akipata maumivu makali ya ghafla upande huo, anatapika, jasho linamtoka, msisubiri tarehe wala rufaa, uvimbe unaweza kuwa umejisokota na kuikata damu ya ovari. Hiyo ni dharura ya usiku huo huo, hospitali iliyo karibu.

Baada ya upasuaji mara nyingine ndugu ndo wanapewa chombo wapeleke maabara. Mkipewa, hakikisheni uvimbe wote upo, umewekwa kwenye fomalini ya asilimia 10 na sio maji wala spiriti, na fomalini iwe kama mara kumi ya ukubwa wa nyama, kwa hiyo kwa kitu cha sentimita 14 ni ndoo yenye mfuniko, sio kikopo. Umeshafunguliwa ndo unawekwa, la sivyo katikati unaoza. Kule tutakata angalau kipande kimoja kwa kila sentimita, yaani 14 au zaidi, ukiwa wa ute mzito vinaweza kufika viwili kwa sentimita, kila kimoja kinapikwa kwenye nta na kukatwa kwa wembamba usioonekana kwa jicho, ndo mana majibu yanachukua siku nyingi na nawaomba msije mkadhani wametusahau. Ombeni ripoti ya maandishi na msiipoteze, vile vipande vya nta vinabaki maabara na vinaweza kutumwa kwa mtaalamu mwingine vikaangaliwa upya mkiwa na mashaka.

Ripoti ikitoka niandikie hapa hapa jina la uvimbe kama lilivyoandikwa, neno kwa neno, usilifupishe hata kama ni refu, pamoja na jibu lile la mezani, nione kama viwili vinakubaliana.